Shela Juu ya Matumbawe

Télesphore alikuwa mwoga, wala hakuona haja ya kumficha mtu jambo hilo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, alipenda kusema. Na kweli, wale mashujaa aliokua nao kwao Uvira wengi walikuwa wameshalala chini ya udongo, naye bado alikuwa na mke, binti mmoja aitwaye Annuarite na meza ya kutengenezea redio katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Aliogopa mbwa. Aliogopa barua zenye muhuri. Aliogopa gari lolote lililopunguza mwendo nyuma yake, na hofu hiyo ya magari ilikuwa na sababu. Miaka michache nyuma, amri ilipotoka kwamba wakimbizi wanaoishi mjini warudi kambini, yeye alikuwa na kibanda chake sokoni Chilinde, Lilongwe. Alipanda lori akiwa na bisibisi mkononi, kibanda akakiacha wazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepata kazi ya kukaa mjini wiki tatu, peke yake, akilinda tangi la viumbe wa bahari.

Tangi lilikuwa la Dokotala Msukwa, mama mmoja wa Kimalawi mwenye kliniki ya meno Area 18. Alikuwa ameona tangi kama hilo Johannesburg, kwenye kliniki ya mwenzake, akaona jinsi watoto wanavyosahau kulia wakitazama samaki wa rangi ya chungwa wakizunguka. Naye akataka lake. Malawi haina bahari, basi bahari ikaja kwa ndoo: chumvi ya unga ikakorogwa majini, samaki wakaja kwa ndege ndani ya mifuko, na pamoja nao yakaja matumbawe manane. Matumbawe, kwa asiyeyajua, yanafanana na mawe na maua, lakini ni viumbe hai. Ndani ya nyama yao vinaishi vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijimea hivyo hupika chakula kwa mwanga, vikamlisha mwenyeji wao na kumpa rangi. Mwanga ukipungua, tumbawe linashinda njaa. Ukizidi, vijimea vinateseka, tumbawe linavifukuza, nalo linabaki jeupe na njaa ileile. Télesphore aliyajua haya baadaye, siku yalipokuwa yameshamfika shingoni.

Mwanzo Dokotala alikuwa ameweka taa ndefu za kawaida, kama za darasani, na matumbawe yakaanza kusinyaa. Alimwita Télesphore kwa sababu aliwahi kumtengenezea redio enzi za Chilinde, akamtaka amchagulie taa inayofaa. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuagizwa Afrika Kusini, nyembamba kama kitabu, yenye mwanga wa buluu na mweupe na vitufe vya kuongeza na kupunguza. Ya pili ilikuwa ikiuzwa Chilinde, kubwa, nyeupe, ya kumulikia nyua za watu, isiyo na kitufe hata kimoja. Ukiichomeka inawaka, ukiichomoa inazima.

Fundi wa mjini angechagua ya kwanza. Télesphore alichagua ya pili, na tusimcheke upesi. Kambini kitu chenye vitufe vingi ndicho kinachokufa kwanza, na kipuri chake hakipatikani hata ukifunga na kusali. Fundi wa Dzaleka anakiamini kifaa kisicho na vitufe. Tena Télesphore alikuwa mtu wa ziwa. Huko Uvira alitengeneza karabai za wavuvi wa dagaa wanaoitwa ndakala, zile taa za kupampu wanazoning'iniza juu ya maji usiku ili samaki wapande. Kwa wavuvi hakuna taa iliyozidi mwanga. Taa hafifu ni kurudi na ndoo tupu na kutukanwa na mwenye mtumbwi. Kwa hiyo alichukua taa ile ya uani, akaining'iniza chini kabisa, shibiri mbili juu ya maji, kama ambavyo angeifunga kwenye mtumbwi, akaiacha iwake kutwa nzima. Dokotala akaridhika. Akamwandikia barua ya kazi, kwa barua hiyo kambi ikampa karatasi ya ruhusa ya wiki tatu, naye Dokotala akafunga kliniki akaenda Lusaka masomoni. Alimwambia kabla ya kuondoka kwamba akirudi akakuta kila kitu ni kizima, watazungumza juu ya barua ndefu zaidi, ya muda mrefu kuliko wiki tatu.

Barua ndefu. Maneno hayo mawili Télesphore aliyabeba kifuani. Kwa barua ndefu angeweza kutembea Lilongwe mchana kweupe, angeweza tena kuwa fundi badala ya kuwa mtu anayesubiri. Bila barua, karatasi ya ruhusa ingekwisha na yeye angerudi kukaa mezani pake, akitengeneza redio za watu waliokwisha kuuza hata betri.

Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri. Alilala kwenye stoo ya kliniki, alilisha samaki, alipangusa vioo. Siku ya nne aliona matumbawe yamebadilika. Yalikuwa yameacha ule ukahawia na ukijani wa shamba, yamekuwa meupe, meupe pepe, kama magauni ya komunyo ya kwanza. Moyo wake ulifurahi. Kwa mawazo yake uchafu wote ulikuwa umeyatoka. Akapiga picha, akamtumia Dokotala, akaandika kwa Kichewa chake cha kubangaiza kwamba mambo yamekuwa safi. Kisha, kwa kuwa sifa ya mtu mmoja haishibishi, akamtumia picha hiyohiyo yule mwuzaji wa Johannesburg aliyeleta matumbawe, ambaye namba yake ilikuwa imebandikwa ubavuni mwa tangi.

Dokotala hakujibu. Mwuzaji alijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa Kiingereza. Télesphore aliisikiliza mara nne, na kila mara alielewa zaidi kuliko alivyotaka. Weupe ule ulikuwa kifo. Matumbawe yalikuwa yameungua kwa mwanga, na yakiachwa hivyo hayatamaliza wiki mbili. Dawa ilikuwa moja tu: punguza mwanga mpaka sehemu ya tano, halafu uongeze kidogo kidogo kwa majuma mengi. Zungusha kitufe tu, alisema yule bwana. Na mwenye mali, akaongeza, umwambie wewe mwenyewe.

Télesphore alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hakikuwepo kitufe cha kuzungusha. Juu ya hofu ya matumbawe ikaja hofu ya picha: Dokotala ameiona? Amemwonyesha mtu? Anarudi? Nje gari lilisimama, naye akajikuta amechuchumaa nyuma ya dawati la mapokezi, mtu mzima mwenye mvi, mpaka mlinzi wa geti alipopita akiimba na ikajulikana kuwa ni jirani tu anashusha mahindi.

Aliipandisha taa mpaka mnyororo ukaisha. Haukutosha, dari ilikuwa fupi. Akafikiri kuiziba. Nguo nzito ingeleta giza, na giza nalo ni njaa. Alitaka kitu cha kuchuja. Akakumbuka chandarua chake cha kulalia, kile cha msaada, akakikata kwa mkasi na kukikunja mara tatu, akakishika juu ya maji apime. Pale ndipo harufu ilipompanda puani. Chandarua kile kilikuwa kimelowekwa dawa ya kuua mbu. Tone moja la mvuke likidondoka kutoka kwenye nyuzi zile, hakuna kiumbe ambacho kingebaki ndani ya tangi. Alikitupa chandarua nje, akanawa mara tatu kwa sabuni. Alichomoa taa, akayaachia matumbawe mwanga hafifu wa dirisha, na Jumamosi asubuhi akapanda gari la kwenda Dzaleka, akiwa hajala.

Mkewe Godelive alikuwa mshonaji. Alishona sare, alipunguza suruali, na alikuwa na kitu kimoja kilichompa heshima kambi nzima: shela ya harusi ya mita tano, ya wavu mwepesi, aliyokuwa akiikodisha kwa maharusi wa makanisa yote. Nusu ya ndoa za mtaa wao zilifungwa chini ya shela ile. Alimtazama mumewe akichezea chakula, akamwacha kidogo, kisha akamtaka aseme. Télesphore alisema yote, tangu taa mpaka chandarua.

"Ile mustikere ulifanya muzuri kuitupa," Godelive alisema, akimaanisha chandarua. "Iko na dawa ya kuua badudu. Na bile bintu byako bya mu maji, si njo badudu vilevile?"

"Sasa mi nitafanya nini, Mama Annuarite? Naogopa."

Godelive alisimama, akafungua sanduku, akatoa shela. Akamuuliza maswali ya mshonaji: tangi lina upana gani, taa iko juu kiasi gani, mwanga unatakiwa ukae kama wa saa ngapi ya siku. Akaikunja shela tabaka moja, akaishika mlangoni penye jua, akatazama kivuli chake juu ya sakafu. Akaikunja mbili, tatu, mpaka sita. Alijua kazi hiyo. Mtu aliyeshona chini ya bati miaka kumi na mbili anajua jua la saa nne linavyokula kitambaa na jua la saa kumi linavyokiacha. Alisema mtoto mchanga hatolewi juani siku ya kwanza. Anatolewa mlangoni, kesho yake barazani, halafu uani. Kisha akachukua mkasi.

Télesphore alimshika mkono. Alimkumbusha kuwa Arlette, binti wa jirani yao, angeolewa mwisho wa mwezi, na shela ilikuwa imeshaahidiwa.

"Arlette ataolewa hata na kitambaa ya kichwa," Godelive alisema. "We ukifukuzwa huko, utakaa hapa unaogopa kila siku, na mi nitakuangalia. Hiyo njo siwezi."

Akakata. Alikata vipande sita vya kutosha tangi, akavichemsha vitoke sabuni yote, akavianika, akavishona kila kimoja kwenye fremu ya vijiti ili kiweze kuondolewa peke yake. Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa mama yake Arlette kumweleza. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na Télesphore hakuthubutu kumuuliza alichoambiwa.

Jumapili, baada ya ibada, Télesphore alirudi mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alipanda garini, akakagua karatasi moja moja. Alipofika kwake aliisoma ruhusa mbele na nyuma, akaushika mfuko wenye fremu za shela, akachungulia. Akamuuliza kwa Kichewa kama anakwenda kuoa. Abiria walicheka. Télesphore alitaka kucheka nao na ulimi ukagoma. Akasema tu zikomo, zikomo, yaani asante, neno ambalo halikuwa jibu la swali lile. Polisi akamrudishia karatasi akashuka.

Alizipanga fremu sita chini ya taa, akaiwasha. Mwanga uliotua majini ulikuwa mpole, wa asubuhi yenye ukungu. Mwuzaji alimwambia asiwashe zaidi ya saa sita kwa siku, na kila baada ya siku nne aondoe tabaka moja, akiona hali ni nzuri. Hayo ndiyo yakawa maisha yake. Alifuata saa kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Alikaa mbele ya kioo na daftari, akaandika: lile lenye umbo la uyoga limefumba, lile la uyoga limefumbua nusu, lile la matawi limeota utelezi. Alilala akiogopa na kuamka akiogopa. Umeme ulipokatika aliyakoroga maji kwa kikombe ili samaki wapumue, akihesabu kwa Kifuliru, lugha ya kwao, kwa sababu hesabu za Kifaransa zilimpotea.

Lile la matawi lilikufa. Alilitoa likiwa mfupa, akalifunga kwenye karatasi, akaliweka kwenye droo ya stoo, na kwa siku mbili hakuweza kula vizuri. Hata hivyo hakulitupa. Wazo la kulitupa lilimjia, sitaki kumsingizia utakatifu. Dokotala hakuwa na desturi ya kuyahesabu. Alilifukuza wazo hilo jioni, asubuhi akalikuta limerudi.

Siku ya kumi na saba aliona kitu chini ya tumbawe la uyoga, pembeni, karibu na jiwe: rangi ya kahawia, nyembamba kama uzi. Alidhani ni uchafu wa kioo. Alipangusa kioo, haikutoka. Siku iliyofuata ilikuwa imepanda kidogo. Télesphore alilia, na kwa kuwa hapakuwa na mtu, alilia kwa sauti.

Katika siku zile za kukaa na kutazama alijifunza lile alilopaswa kulijua tangu mwanzo. Wavuvi wa kwao walikuwa wakifunga kitambaa chekundu kwenye kamba ya wavu, na kilipozama pima chache wekundu wake ulikufa, ukawa mweusi, wakati kile cha buluu kilizidi kuonekana. Maji hunywa wekundu kwanza na kuacha ubuluu. Matumbawe yamezaliwa katika ubuluu huo. Taa yake ya uani, hata ikivishwa shela mia, ilikuwa taa ya nchi kavu. Kioo kilikuwa kimeanza kuota mwani wa kijani kila siku, na tabaka zikiisha matumbawe yangeungua upya. Taa iliyofaa ilikuwa ile ya vitufe. Na taa ile, alijua kwa kuyasoma maelezo yake mara nyingi, iliwaka yenyewe asubuhi polepole, ikazima yenyewe jioni, ikaamrishwa kwa simu popote mwenye nayo alipo. Haikuhitaji fundi wa kukaa nayo.

Dokotala Msukwa alirudi Jumamosi, siku ya mwisho ya karatasi ya ruhusa. Aliingia na sanduku lake la safari, akasimama mbele ya tangi lililofunikwa tabaka tatu za shela, akacheka kwa mshangao. Aliinama, akatazama matumbawe saba, kahawia ikirudi hapa, kijani pale, samaki wakizunguka. Akamshukuru. Alisema ile picha ilimfurahisha mno, alivyoona yanang'aa, ila mtandao wa kule ulimshinda kujibu.

Kumbe hakujua. Télesphore alihisi damu ikimrudia usoni, kisha ikaondoka tena, kwa sababu Dokotala alikuwa ameshakaa kwenye dawati na kuchukua karatasi yenye jina la kliniki.

"Naona taa yako inafanya kazi," alisema kwa Kichewa, polepole ili amwelewe. "Ukiwepo wewe wa kuiangalia, sina haja ya kuagiza ile nyingine. Nakuandikia barua ya mwaka mzima."

Mwaka mzima. Télesphore aliutazama mkono wa yule mama ukiandika tarehe. Alihitaji kunyamaza tu, na kunyamaza alikujua kuliko kazi yoyote. Kulikuwa kumemvusha mipaka miwili. Angeweza kuja kila wiki na fremu zake, kuvisha na kuvua, na matumbawe yangekufa moja moja, taratibu, kwa namna ambayo hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hofu aliyoipata pale haikuwa ya magari wala ya mihuri. Ilikuwa hofu ya kukaa mwaka mzima mbele ya kioo kile akijua.

Alikwenda stoo, akarudi na lile tumbawe lililokufa, akalifungua juu ya dawati.

"Pepani, Dokotala," alisema akiomba radhi. "Yale kwenye picha hayakuwa yanang'aa. Yalikuwa yanakufa. Taa mbaya ni mimi niliyeichagua."

Akaeleza, sauti ikikatika, Kichewa kikimwishia akaazima Kiingereza. Dokotala aliacha kuandika. Alilishika lile tumbawe, akalizungusha. Kisha akamuuliza swali moja tu: ile taa nyingine ikifika, itahitaji mtu wa kukaa nayo?

"Haihitaji," Télesphore alisema.

Dokotala aliikunja ile karatasi ya kwanza, akachukua nyingine. Aliandika mwezi mmoja, kwa ajili ya kuifunga taa mpya itakapofika. Alimsukumia bila hasira. Télesphore aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akavuta kiti karibu na tangi. Alianza kumweleza taa ile iwekwe juu kiasi gani, ianze na sehemu ngapi ya mwanga, buluu iwe nyingi kuliko nyeupe, iongezwe baada ya siku ngapi, na dalili gani ya kwanza ya weupe aiogope. Dokotala akachukua kalamu akaandika. Télesphore alimfundisha yote, bila kubakiza hata neno moja la kumfanya ahitajike.